Ndoo za Matope Nyuma ya Jikoni Yangu

Mutu akikuambia matope inatoa courant, umeme wa taa, utafanya nini? Miye nilicheka mbele yake, halafu nikaanza kumuchunga.

Alikuwa mutoto wa kaka yangu. Alitoka Beu, kule Beni, akaja kukaa kwangu Bulengera ili amalize masomo ya université. Nyuma ya jikoni alipanga ndoo ine za matope ya kinamasi. Katika kila ndoo alizamisha makala, yale makaa ya kupikia, yenye waya, ingine akaiacha juu, pale hewa inapita. Eti kuna bidudu bidogo sana, macho haiwezi kubiona, binakula uchafu na kutoa courant. Wapi! Taa ndogo aliyofunga kwenye waya ilikataa kabisa kuwaka. Kisha akaniomba maji ya mihogo niliyolowesha, ile yenye kunuka, akaimimina ndani. Juma ya tatu, taa ikawaka. Kidogo, lakini ikawaka.

Hapo roho yangu ilikataa. Nikajisemea: huyu ameficha pile, betri ya radio, ndani ya ndoo. Atapeleka uongo mbele ya balimu, bamukamate, aibu itufikie sisi wote. Alikuwa amebakiza siku kumi na mbili tu atetee kazi yake ya mwisho ya université, na bila zile ndoo, diplome hakuna.

Asubuhi moja alienda sokoni kutafuta waya. Nikafungua ndoo. Nikaingiza mukono mpaka kwenye kiwiko, vile tunapima mihogo kama imelainika. Nikapapasa zote ine. Pile hapana. Makala tu, imejaa utelezi muzito wa kahawia. Nikasema, ah, kumbe ndiyo sababu taa inawaka kidogo hivi, makala ni chafu! Nikaitoa, nikaisugua na sabuni mpaka ikawa safi, nikairudisha. Kusema kweli, nilisikia furaha. Nilijua nimemusaidia.

Jioni taa haikuwaka. Alipima waya zote, akatoa makala moja, akainusa, akakaa chini kwenye vumbi.

"Tantine, mutu alisugua makala yangu. Ule utelezi ndio bidudu benyewe! Kurudi kwabo ni majuma mengi."

Akalia kwa sauti. Miye nilikunja bidole byangu ndani ya kitenge.

Akamushuku mama jirani, yule anayefulia nguo kwetu, kwa sababu ya sabuni. Tena yule mama alishasema ndoo zile ni za uchawi. Nilipaswa kusema. Donc nikafungua kinywa, na hii ndiyo ilitoka: "Eh, yule mama, hata miye simuamini." Kesho yake jirani alikatazwa kuingia uani. Alisimama kwenye mulango na beseni ya nguo, akaniangalia miye, siyo mutoto.

Mwaka ule hakutetea. Alianza upya na matope mapya, akazifungia ndoo kwa kufuli ndani ya depot, chumba cha kuwekea vitu. Ufunguo moja alivaa shingoni. Ya pili aliniletea, akaikandamiza ndani ya kiganja changu kwa mikono yake miwili.

"Tantine, katika kiwanja hiki ni weye peke yako ninaamini."

Nikaupokea.