Niliizuia Barua Yenye Jina Langu

Nimekosa, na niliyemkosea bado hajui. Tukikutana ananiuliza mama anaendeleaje, nami naangalia chini.

Ofisi yetu iko Sekei, inahudumia wakulima wa kahawa. Nilikuwa na mkataba wa muda. Zamani kila chumba kilikuwa na printa yake mbovu. Nikashauri tuwe na moja nzuri, ikae mapokezi, na kompyuta yangu ndiyo ipokee kazi za wote na kuzipeleka huko. Wakanipigia makofi.

Kitu kimoja sikuwaambia. Kwangu naona kila kinachotumwa. Siyo maandishi ya ndani, ila nani katuma na faili linaitwaje. Nikaanza kuchungulia. Ikawa kama ugonjwa, hata chai nainywea mbele ya foleni ile ya kazi za printa.

Ijumaa moja nikaona kazi ya Dada Aneth, karani wa masjala, jirani yangu wa meza. Mama wa Machame huyu, kila Jumatatu ananiletea kiburu, zile ndizi na maharage, cha nyumbani kwake. Faili limeandikwa "Barua kwa Mkurugenzi kuhusu", kisha jina langu.

Juzi yake nilichelewa kazini, na alinitazama. Asubuhi hiyohiyo nilimkuta akinong'ona na wenzake, wakanyamaza nilipoingia. Nikajua ananichongea. Kumbe kiburu chote kile ni cha kunilainisha!

Nikaisimamisha. Kuisoma ningeweza tu kwa kuiachia itoke mapokezi, mbele ya watu wote. Sikuthubutu.

"Mdogo wangu, printa yako inanigomea," akasema. "Na bosi anaondoka saa nane."

"Mtandao huo, dada. Subiri kidogo."

Akatuma tena, nikazuia tena. Bosi wetu hasaini kitu cha kwenye simu. Anataka karatasi, na mhuri anapiga mwenyewe. Aneth akachukua flashi, akakimbilia stationery ya Levolosi. Aliporudi anahema, gari la bosi lilishaondoka kwenda uwanja wa ndege, Kisongo.

Akaniwekea karatasi mezani. "Basi isome tu. Tulitaka iwe sapraizi."

Lilikuwa ombi niajiriwe moja kwa moja, ili mama yangu aingie kwenye bima. Chini yake majina ya wenzangu wote, nafasi za saini zikiwa tupu.

Bosi aliporudi baada ya mwezi, makao makuu walishaleta mtu wao kwenye nafasi yangu. Mkataba wangu ukaisha. Mama sasa akiumwa tunasubiri apone mwenyewe.

Siku naondoka Aneth alinishika mkono. "Nisamehe, mdogo wangu. Ningekwenda Levolosi mapema."

"Usijali, dada," nikamwambia. Ndivyo nilivyosema, jamani.

Wewe unayekaa mbele ya foleni kama ile, usijifanye unajua kilichoandikwa. Muulize mwenye karatasi. Wangu alikuwa meza ya pili, na nilishindwa kugeuza shingo.