Mama Alipoitoa Darubini Barabarani

Tangu nirudi kuishi Bunju, kuna jioni harufu ya mihogo ya kukaanga inaingia dirishani nami naacha kila nilichokuwa nafanya. Wauzaji ni wengine sasa. Lakini ndimu ikishakamuliwa juu ya pilipili, rafiki yangu, namwona mama yangu kando ya barabara, kanga kiunoni, anabishana na mtaa mzima kwa ajili ya doa la mwanga.

Mama alikuwa mpiga picha. Studio yake ilikuwa chumba kimoja cha mbele: picha za pasipoti, za mahafali, za maharusi waliosimama mbele ya pazia lenye maporomoko ya maji. Darubini alipewa na mzee mmoja wa Kihindi wa Mikocheni, daktari wa meno aliyekuwa anahama nchi, ambaye mama alimpigia picha harusi za binti zake wote. Mwingine angeiweka sebuleni iwe pambo. Mama alimwita fundi wa kuchomelea, akatengenezewa pete ya chuma ya kufungia kamera, na tangu hapo akawa na nia moja: kuipiga picha galaksi ya Andromeda. Ni jirani yetu, alinieleza, ila mwanga wake ulianza safari kabla hajazaliwa mtu wa kuutazama.

Desemba, baada ya isha, galaksi hiyo husimama kaskazini, upande wa Bagamoyo, na miaka ile huko kulikuwa giza tupu. Tulikaa juu ya zege la nyumba yetu isiyoisha kujengwa, mji na taa zake tumeupa mgongo. Kazi yangu ilikuwa kupepea. Hewa ya Dar ina maji, kioo kilishika ukungu kila mara, nami nilikipepea kwa kipepeo kile kile cha jikoni, chenye masizi, mpaka mama aseme, "Basi, tulia." Kisha alifungua kamera na kuzungusha skrubu taratibu kuifuata nyota, nami nikabana pumzi. Umeme ukikatika, mtaa ulilalamika, sisi tukapanda juu mbio. Ukirudi, watoto wote walishangilia. Nadhani ni mimi tu niliyenuna.

Jirani wa nyuma yetu, mwanamume mwenye sauti kubwa hata msibani, alikwenda kwa mjumbe wa mtaa akasema mama anachungulia uani kwake wanawake wakioga. Mjumbe alikuja, akakaa kwenye kiti cha picha za pasipoti, jirani akasimama mlangoni.

"Mama, watu wana wasiwasi," alisema mjumbe. "Hiyo mashine uiuze, au tukuwekee sie."

"Shikamoo mzee. Mwambie aje aiangalie mwenyewe. Mwenye macho haambiwi tazama."

"Mie siangalii mambo ya kishirikina," alisema jirani.

Mjumbe aliamua kwamba darubini isionekane tena juu ya nyumba, na ikionekana itachukuliwa. Nililia sana usiku ule. Nilijua mama hana uwezo wa kupata nyingine, na picha hajaipata.

Mama hakulia. Kesho yake alitii neno kwa neno: aliishusha, akaipitisha getini, akaisimamisha kando ya barabara, karibu na karai la muuza mihogo. "Si kasema juu ya nyumba?" aliniambia. "Hapa ni chini." Sasa kila mpita njia aliona inaelekea wapi. Muuza mihogo alikuwa anafunika taa yake kwa ndoo kila mama alipofungua kamera, wateja wakilalamika alisema, "Kuleni hivyo hivyo, mdomo mnaujua ulipo." Wengi waliinama kuchungulia. "Mbona kama moshi?" walisema, na mama akasema ndio huo huo. Wengine walimcheka. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, alinijibu mimi, siyo wao.

Jioni moja umeme ulikatika mpaka ng'ambo ya barabara, na picha ikapatikana: umbo la yai lililolala ubavu, katikati kweupe. Mama aliisafisha kubwa akaitundika kwenye dirisha la studio, kati ya maharusi, mahali ambapo jirani lazima apite akienda msikitini. Alipita akijifanya haioni. Siku moja alisimama.

"Ndicho hiki tulichogombania?"

"Ndicho. Tafuta ua wako humo."

Hakuomba radhi. Lakini kwa mjumbe hakurudi tena.

Mama ameshatangulia, na siku hizi kila mtu anajipiga picha kwa simu, kwa hiyo studio imekuwa duka la vipuri. Hayo nimeyakubali. Giza ndilo linaloniuma. Kaskazini yote imejaa nyumba, kuta na taa zinazowaka mpaka asubuhi, na galaksi ile huwezi kuiona kwa macho ukiwa Bunju. Wananishauri niende porini. Siendi. Naisimamisha darubini ya mama pale pale barabarani, napiga picha fupi fupi nyingi, kompyuta inaziunganisha na kuuondoa mng'ao wa mji, na Andromeda inatoka.

Majuzi mlinzi wa kituo cha mafuta kilichojengwa ng'ambo alinijia. "Sista, hapa hairuhusiwi kupiga picha." Nilimuuliza kama na anga nalo ni la kituo. Alitazama juu, nami nikafungua kamera.