Kila Agosti Tulistaafu

Mwanangu, siku niliyochekwa na Mzee Parsaloi, mfugaji wa Kimaasai, kwenye mnada wa ng'ombe Kisaju, naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu. Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa mtunza stoo kiwandani, mpangaji Kitengela, nimejaa kiburi cha mtu wa mshahara. Nilimkuta akiuza mafahali wanne wanono, na nyasi bado mbichi.

"Supa, mzee," nikamsalimu kwa Kimaasai. "Mbona unauza na malisho yapo?"

"Ipa," akaitikia. "Na wewe wa kiwanda, wako utamuuza lini? Akishaanguka?"

"Mimi sina ng'ombe."

"Uko na mshahara. Huyo ndiye ng'ombe wako, na leo ni mnono. Kiangazi kikija?"

Nikamjibu bila haya kwamba nangoja malipo ya kustaafu, nijenge nyumba ya vyumba sita kwetu magharibi. Watu wa kwetu tulipimana kwa nyumba hizo, hata zikifunguliwa Desemba tu.

"Vyumba sita vya Desemba!" akawaambia wenzake, nao wakaangua kicheko. "Na Januari utamlipa mwenye nyumba wa Kitengela kwa madirisha yake?"

Nilirudi nyumbani nimenuna. Lakini mimi ni mtu wa kupima kabla ya kubisha. Nikamsimulia mke wangu, Rhoda, maneno yale ya mnadani, kisha nikamwambia, "Agosti hii tutajifanya wastaafu. Mshahara hatuugusi, tutaishi kwa kingine tulicho nacho." Nilichagua Agosti kwa sababu watoto wako nyumbani, na sufuria haidanganyi.

Siku ya tisa mafuta ya taa yaliisha. Rhoda akawasha mshumaa, akaniuliza, "Mstaafu, kesho tunapika madirisha?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Mwaka uliofuata tulinunua kiploti kidogo upande wa Kisaju, mahali jamaa zangu walipopaita porini. Tukajenga chumba cha kwanza cha kupangisha, halafu tangi la maji, halafu banda la kuku. Kila Agosti tulijijaribu tena, kwa kodi na mayai tu. Mwaka mmoja tulifika siku ya kumi na saba, mwingine tukarudi nyuma kwa sababu kuku walikufa. Hatukukata tamaa; chumba cha tatu kilipopata mpangaji, tulimaliza mwezi mzima na sukari ikabaki.

Miaka ya elfu mbili ilipoingia, kiwanda kikapunguza watu. Nilipewa barua ya kuachishwa kazi miaka minane kabla ya wakati wangu. Pale getini niliwaona wanaume wazima wakilia. Mimi nilifika nyumbani, nikaiweka barua mezani. Rhoda akaisoma, akacheka mpaka akaketi. "Baba Agnes, kumbe Agosti imekuja mapema!"

Mzee Parsaloi alipopata habari alikuja kunywa chai. Akakagua tangi, akagonga ukuta wa chumba cha tatu kwa fimbo yake, akasema, "Huyu aliuzwa akiwa mnono." Sijawahi kupewa cheti kinachoshinda hicho. Na nyumba kwetu tulijenga baadaye, vyumba viwili, na tunalala humo.

Basi, mwanangu, malipo ya kustaafu si shamba, ni buyu. Na chovya chovya humaliza buyu la asali. Panda kitu kinachozaa ungali na mshahara. Usiulize tu utapata nini siku ya mwisho wa kazi; ishi mwezi mmoja bila mshahara, ukajionee mwenyewe ni siku ya ngapi taa inazimika. Kisha rekebisha, ujaribu tena.

Mungu akupe kazi ya kukunenepesha, akili ya kuuza mapema, na siku ya barua akujalie mwenzi wa kucheka naye.