Njuga za Susu Ndani ya Suruali

Marafiki, nawasihi, mambo haya yabaki kwenu. Bosi wangu bado anazitafuta njuga.

Jana alimnyang'anya nyanya yangu, Susu, njuga zake za kilumi, ngoma yetu ya mizimu, pale sokoni Migwani. Bosi ni mzee wa kanisa. Alisema ni za shetani na leo jioni atazichoma.

Mchana nilizitoa kabatini mwake ofisini, nikazifunga miguuni chini ya suruali ili nitoke nazo polepole.

"Karani! Kuja hapa."

Nilisimama wima mbele ya meza yake. Lakini mnanijua na woga wangu! Magoti yakaanza kutetemeka, na njuga zikalia.

"Nini hiyo inalia?"

Ningeweza kusema ni funguo.

Nikakunja suruali. Nikapiga mguu sakafuni vile Susu alinifundisha, nikapiga tena kwa nguvu. Akina mama waliokuwa wakingoja nje wakapiga vigelegele!

"Kijana, umerogwa?"

"Hapana, mzee. Nimefundishwa."

Nikatoka, njuga zikilia kila hatua. Kazi sijui kama ninayo.

Nyinyi mngefanyaje?

Msinitafute ofisini. Jumamosi tutacheza kilumi: vukeni mto nyuma ya kwa Susu, msiulize mtu njia. Fuateni kishindo.