Kasiksi Iliyopita Mtoni

Wazo la kufunga ndoa kwenye mchanga wa mto lilikuwa langu, na nililitetea kwa kelele. Sikutaka harusi ya umati unaokula huku ukisengenya. Nilitaka watu wachache: wa kwetu washuke kutoka Kalembe, wa kwake waje kutoka upande wa Walikale wanakofanyia biashara, tukutane pale ambapo wakati wa kiangazi wanawake huanika nguo. Mchanga ule ni safi kuliko sakafu ya nyumba nyingi ninazozijua.

Tatizo ni kwamba haikuwa kiangazi. Baba ndiye aliyechagua siku, akaichagua katikati ya mvua kwa makusudi. Mchumba wangu ni wa ukoo wa wafanyabiashara wa Butembo, na baba, mkulima aliyezaliwa na kuzeekea kwenye kilima kimoja, hakumwamini mtu anayeishi ndani ya lori.

"Kama matope inamushinda, asinipotezee wakati," alisema. "Asipofika ile siku, maneno imeisha."

Baba yangu si mtu wa kusema neno halafu alibadilishe.

"Haraka haraka haina baraka," shangazi aliniambia tukichambua maharagwe ya sherehe. Nilimjibu kwamba polepole nayo inaozesha maharagwe. Yeye alicheka, mimi sikucheka. Kila mvua ilipoanza kupiga mabati niliogopa, na nikiogopa huwa mkali kwa kila mtu, hata kwa kuku.

Siku yenyewe tulishuka chini ya turubai moja, shangazi akiwa amebeba kibuyu cha baba cha kunywea. Tulipofika, mchanga haukuwepo. Mto ulikuwa umeufunika wote kwa maji ya rangi ya udongo, na daraja la miti lilikuwa limekwenda na mafuriko. Ng'ambo nilimwona mchumba wangu na ndugu zake, wamelowa chapachapa, na begani mwake bidoni ya plastiki ya njano iliyojaa kasiksi, pombe yetu ya ndizi.

Lakini desturi yetu haina mlango wa nyuma. Pombe ya mwanaume inawekwa mbele ya baba, baba anamwuliza binti kama ainywe, binti anajibu, baba anakunywa. Hapo ndipo kuna ndoa. Kanisa linafuata baadaye.

"Papa, amefika," nilisema.

"Amefika wapi? Mie niko naona muntu ng'ambo ya maji. Bila pombe siwezi kukuuliza kitu."

Shangazi alimwomba asogeze siku. Baba alitazama mto. Wakati huo mchumba wangu alikuwa ameshavua viatu. Alijifunga bidoni mgongoni kwa kamba, akaingia. Maji yakamfika magotini, kisha kiunoni, akaanza kuyumba. Nilipiga kelele, mto ukazimeza. Yule mtu hajui kuogelea. Amekulia kwenye vilima vya Butembo, na maji aliyoyazoea ni ya beseni.

"Papa, mumwambie arudi."

"Atanisikia na nini?"

Sauti ya baba ilikuwa imebadilika. Nilimtazama usoni, nikaona kwamba yeye pia anaogopa, ila hajui namna ya kushuka kutoka kwenye neno lake. Nilimchukia wakati ule, na sioni sababu ya kuficha.

Nilimpokonya shangazi kibuyu, nikakimbilia ukingoni, mahali ambapo maji yanapita yakishatoka kwa mchumba wangu. Nilikiinua juu, nikakipindua kama mtu anayemwaga. Nikaonyesha bidoni yake, nikaonyesha mto, nikakipindua tena. Tulikuwa tumependana kwa simu zisizo na mtandao wa maana, kwa hiyo tulizoea kuelewana kwa nusu ya neno. Alisimama. Akafungua bidoni, akaimimina yote mtoni.

Ndugu zake walishika vichwa. Povu kidogo lilionekana juu ya maji, likapotea. Nilichota. Nikarudi kwa baba, nikapiga magoti kwenye matope na kitenge changu kipya, nikampa kibuyu kwa mikono miwili.

Ndani yake mlikuwa na maji ya udongo na jani moja. Baba alilitoa lile jani kwa kidole. Mtoni, yule mtu bado alikuwa amezama hadi kiunoni, amekaza macho kwetu, hataki kurudi wala hawezi kuja.

"Mutoto yangu, tunywe?"

"Mukunywe, Papa."

Alikunywa. Hakuonja tu, alikunywa yote, kisha akakipindua kibuyu juu ya kichwa chake ili wa ng'ambo waone kwamba kimeisha. Mume wangu akaanza kurudi nyuma polepole, ndugu zake wakamshika mikono, wakamvuta hadi nchi kavu.

Hapo ndipo nililia, na nililia vibaya. Baba alifuta mdomo kwa kiganja.

"Iko na maji mingi," alisema. "Lakini ndizi niko naisikia."