Orodha ya Vyumba

Miaka ile kila aliyekosa ajira alianzisha asasi, na kila asasi iliendesha semina. Serikali ilikuwa imeacha kuajiri wahitimu kama zamani, viwanda vilikuwa vinauzwa, mashamba ya mkonge yalikuwa yameota vichaka, na mimi nilikuwa nimerudi kwa shangazi yangu mjini Kilosa na shahada ambayo hakuna aliyeiulizia. Nilishahudhuria semina ya mazingira, ya vyama vingi na ya ufugaji wa kuku. Zote zilianza kwa kanuni zilizoandikwa kwenye karatasi ya manila, na sikumbuki hata kanuni moja. Kwa hiyo mratibu aliponiambia kwamba katika semina yake kila mtu ataheshimiwa, nilimwuliza heshima ya namna hiyo inaandaliwa vipi. Inapikwa pamoja na ubwabwa?

"Ukimaliza maneno yako ya chuo," alisema, "njoo unipigie chapa."

Alikuwa nesi mstaafu, mwanamke mfupi asiyepandisha sauti. Kibali kilisema ni semina ya elimu ya afya, na huo haukuwa uongo. Lakini aliowaalika walikuwa wanaume wanaopenda wanaume, wanawake wanaopenda wanawake, na watu ambao jinsi waliyoandikiwa utotoni na maisha waliyoishi baadaye havikukubaliana. Wengi aliwafahamu kutoka zahanati, kwa sababu walizoea kumjia kwa mlango wa nyuma wagonjwa wengine wakishaondoka. Alitaka siku tatu ambazo wangeingia kwa mlango wa mbele. Alichagua gesti moja Mikumi, kando ya barabara kuu, mahali ambapo sura ngeni haishangazi mtu.

Mimi nilikuwa katibu. Nilitengeneza fomu: jina, kijiji, umri, jinsi. Juu kabisa nilipiga chapa kwa herufi kubwa, HABARI HIZI NI SIRI. Fomu ziliporudi nilizitumia kupanga vyumba, wawili wawili, wanaume upande mmoja na wanawake upande wa pili, kama nilivyoona ikifanywa kwenye kila semina. Kisha nikafanya kingine nilichoona kikifanywa kila mahali: niliandika orodha hiyo vizuri, ikiwa na safu ya ME na KE, na asubuhi ya kuwasili nikaibandika ukutani pale mapokezi. Nilirudi nyuma hatua mbili kuangalia kama imenyooka.

Mgeni wa kwanza alifika adhuhuri. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, amevaa kanzu fupi na baraghashia, na ana kiroba cha ufuta begani. Alitoka kijiji cha Rudewa. Nilikuwa chumba cha nyuma nikipanga kalamu, nikamwona kupitia dirishani akisoma ukuta. Alisoma kwa kidole. Kidole kikafika kwenye jina lake, kikasogea pembeni hadi kwenye safu ya KE, kikakaa hapo. Kisha akachukua kiroba chake, akatoka, akaketi kwenye benchi la nje.

Nilimfuata. "Shikamoo," nilisema.

Hakujibu. Nimelelewa Kilosa; mtu mzima anaweza kukukatalia chakula, anaweza kukufukuza kwake, lakini shikamoo yako ataipokea. Nikadhani hajasikia, nikairudia.

"Shikamoo nani?" aliuliza. "Shikamoo baba, au shikamoo mama? Malizia."

Niligeuka nikatazama mlango wa mapokezi.

"Mlisema siri," alisema, bila hasira, kama anayekumbushia bei tuliyopatana. "Nikasema basi, mara moja hii nitaandika ukweli. Miaka ishirini pale kijijini naitwa Mjomba. Ekari tatu za lile shamba la mkonge nilipewa na serikali ya kijiji kwa jina la Mjomba. Kuna watu wanazitaka, wa jembe na wa ng'ombe. Unadhani watahitaji wakili? Watahitaji ile karatasi yako." Akatazama barabara. "Kuna gari la kurudi jioni."

Nilirudi ndani kuibandua. Ukuta ulikuwa mtupu. Mhudumu wa gesti, mwanamke wa makamo aliyejifunga kanga kifuani, alikuwa akifagia kana kwamba hapakuwahi kuwa na kitu.

"Dada, kulikuwa na karatasi hapa."

"Nimewashia jiko."

"Uliisoma?"

"Nimesoma hadi darasa la saba, kaka. Wewe umesoma hadi wapi?"

Kisha nikamwuliza kwao ni wapi, kwa sababu hofu ilikuwa imeanza kunipanda.

"Rudewa. Dada yangu ameolewa pale. Ufuta wa yule pale nje ndio tunaokula nyumbani."

"Utasema?"

Aliacha kufagia. "Mimi nimebandika nini?"

Mpaka leo sijui kama hilo lilikuwa jibu. Nilichokiona ni kwamba aliingia jikoni, akatoka na ndoo ya maji ya moto, akaipeleka bafuni, kisha akaenda kwenye benchi akapiga goti kidogo, kama wafanyavyo wanawake wa kule tambarare mbele ya mkubwa.

"Shikamoo, mjomba."

Lori la mizigo lilipita likielekea Iringa, na vumbi likatua kabla hajasema, "Marahaba, mwanangu."

"Maji ya kuoga tayari. Chumba chako ni kile cha pembeni, peke yako. Ni cha meneja, lakini meneja yuko Morogoro."

Mgeni alinyanyuka. Kiroba alimpa yeye abebe. Mimi sikuangaliwa.

Nilimweleza mratibu yote. Hakunigombeza. Aliniuliza tu ni nani aliyenituma kubandika, nikasema hakuna. "Ndiyo hivyo," alisema. "Wengi wanaowaumiza watu hawa hawatumwi na mtu."

Kesho yake tulianza kwa utambulisho. Kwa desturi yetu mtu husimama, akataja jina, kwao, kazi, kama ameoa au ameolewa, na watoto wangapi. Asiyekuwa na cha kusema hapo hutazamwa. Mratibu alisema hapa kila mtu ataje tu namna anavyotaka kuitwa, na asiyetaka apite. Ukumbi ulihangaika kidogo, kama watu waliopewa viatu vipya. Kijana mmoja wa familia ya wafugaji waliotoka kanda ya ziwa, msalaba shingoni, alisimama, akafungua mdomo, akasema, "Napita," akaketi. Hakuna aliyecheka. Msusi wa kiume kutoka sokoni Kilosa alisimama na kujizungusha.

"Mimi niiteni Dada. Na nikikohoa kwa sauti nzito, msiniulize."

Hapo walicheka, na yule mfugaji zaidi ya wote. Zamu yangu ilipofika nilisema mimi ni katibu.

"Tumekuuliza tukuiteje, hatujakuuliza cheo," alisema msusi. "Jamani, huyu amejificha nyuma ya kalamu!"

Hakukosea sana.

Tukaja kwenye kanuni. Nilisimama mbele na manila yangu. Kutokatizana. Kutosema nje yaliyosemwa ndani. Kutocheka sauti ya mtu. Niliandika bila imani yoyote. Walipofika ya sita, mkono ulinyooshwa kutoka nyuma. Alikuwa Mjomba. Alisimama taratibu.

"Karatasi za watu zisibandikwe ukutani."

Niliandika. Kisha nikabaki na manila mkononi, kwa sababu kilichofuata ni kuibandika ukutani.

"Haya, katibu," alisema msusi. "Bandika tukuone."

Walicheka hadi mratibu akavua miwani. Mjomba hakucheka, lakini aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu benchi. Siku zote tatu nilishika ile manila mkononi kila mtu alipotaka kuisoma, na watu waliisoma kuliko manila yoyote niliyopata kuona.

Siku ya mwisho mratibu alirudisha fomu, kila mtu na yake. Wafadhili wangeulizia orodha. Alisema atawajibu yeye. Wengi walipita jikoni na kuzitia motoni. Mjomba alikunja yake mara nne, akaitia mfukoni.

"Sichomi," alimwambia mratibu. "Ndiyo karatasi pekee niliyowahi kuandika hivyo. Ila sasa itakaa kwangu."

Sikuwahi kujua kama yule mhudumu alisema kitu kwa dada yake. Niliwaza jambo hilo zaidi ya nilivyowaza shahada yangu. Mara mbili nilifika stendi nikitaka kwenda Rudewa kuulizia, na mara mbili nikarudi: ningemwuliza nani, na swali lenyewe lingekuwa nini kama si kubandika tena?

Baada ya mavuno nilimkuta Mjomba sokoni Kilosa, kwenye mizani, na magunia manne ya ufuta. Wanaume wawili wa kwao walikuwa wakimsaidia. Mmoja alimwita Mjomba akiomba kamba. Wa pili alimtania kwamba Mjomba akizeeka ataoa magunia yake. Alikuwa amevaa baraghashia ileile. Nilijua, basi, kwamba bado ana jina lake, na pengine ekari zake.

Nilisogea. "Shikamoo, mjomba."

Aliendelea kushona mdomo wa gunia. Sindano iliingia, ikatoka, ikaingia.

"Mjomba, kijana anakuamkia," alisema yule wa kamba.

"Nimemsikia."

Alimaliza mshono, akaukaza kwa meno, akakata uzi.

"Marahaba," alisema. "Inua upande huo."