Waya Juu ya Dari

Akimana alikuwa juu ya ngazi, kichwa kimezama ndani ya dari, alipoona kwamba waya aliokuwa anaukata haukuwa wa shaba.

Alishuka, akaupeleka dirishani, akaukwaruza kwa kisu. Wekundu ukabanduka kama rangi ya kucha, chini yake pakabaki weupe. Aluminiamu iliyopakwa shaba, ya bei rahisi. Kwenye boksi lake palichapwa kwa herufi kubwa kwamba ni shaba tupu. Akajaribu boksi la pili, la tatu. Hali ile ile. Na waya huo ulikuwa umeshapita juu ya madarasa tisa.

Jengo lilikuwa ghala la zamani la sufu, huko Point, kando ya bandari. Serikali ililichukua ili liwe chuo cha kufundisha kompyuta na mitandao peke yake. Siku ya ufunguzi ilishatangazwa, wanafunzi mia mbili walishapata nafasi. Kilichobaki ni mkaguzi wa idara kuja Jumanne kupokea fomu za vipimo vya kila waya, zenye sahihi ya aliyepima. Na mpimaji alikuwa Akimana.

Alikimbia Bujumbura mwaka 2015, akiwa amebakiza mwaka mmoja kumaliza shule ya ufundi. Miaka minne alisuka nywele kitongoji cha Isipingo, mpaka Gilbert, Mkongo aliyesali naye kanisa moja, alipomwona akiunga nyaya za spika za kwaya, akamwingiza kwenye timu aliyoisimamia. Kazi yote Gilbert ndiye aliyemfundisha. Kwa hiyo alimwendea yeye kwanza.

Gilbert hakushtuka, na hilo ndilo lililomtisha Akimana.

"Kaka, ulijua?"

"Tangu boksi za kwanza." Gilbert alitupa jicho mlangoni. "Bosi alisema tuuvute tu hivyo hivyo. Saini, dada. Mashine ya kupimia si inaonyesha kijani?"

"Kwa nyaya fupi. Zile ndefu zinagoma. Tena kamera na simu zote zitavuta umeme humo humo. Nyaya mia zikifungwa pamoja zitashika moto, na watoto wa watu watakuwa chini yake."

"Eish, Akimana! Iko watu kumi na mmoja kwenye hii timu, wote na karatasi za ukimbizi. Nani atatuchukua?"

Jumapili kanisani Akimana alikaa nyuma ya Marie, mke wa Gilbert, mwenye mimba ya miezi minane. Hakusikia hata neno moja la mahubiri.

Jumatatu alijaza fomu kama mashine ilivyosema, na waya uliogoma akauandika umegoma. Bosi, mkandarasi mwenyewe, alizisoma akiwa amesimama, akazikunja, akazitia mfukoni. Akampa fomu nyingine zilizojazwa tayari, namba zote safi. Kilichokosekana ni sahihi tu.

"Kesho kabla ya saa nne," alisema.

Kesho yake saa nne ilifika na sahihi haikuwepo. Mkaguzi, Mama Zondi, mwanamke mfupi wa miwani minene, aliweka mkoba wake mezani, akauliza kwa Kiingereza nani aliyepima. Akimana akanyoosha mkono. Bosi akamsogezea kalamu huku anatabasamu.

Akimana aliisukuma kalamu kando. "Hizi siyo namba zangu," alisema, Kiingereza kikimkwama mdomoni.

Bosi akacheka. "Lugha haielewi vizuri huyu."

Mama Zondi hakucheka. Alimgeukia Gilbert aliyesimama kando ya mlango. "Wewe unaijua lugha yake? Basi nitafsirie."

Akimana akasogea karibu na meza. Akasema kwa Kiswahili, polepole, yote: kisu, boksi, madarasa tisa, fomu zilizoishia mfukoni. Jambo moja tu aliliacha, kwamba Gilbert alijua. Kiingereza cha Akimana kilitosha kutambua tafsiri ya uongo, na Gilbert alilijua hilo. Bosi naye alikuwa anamkazia Gilbert macho.

Gilbert alitoka mlangoni, akaja kusimama mbele ya meza. Kisha akatafsiri, sentensi kwa sentensi, kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe. Mwisho akaongeza, bila kuulizwa, "Na mimi nilijua, Mama."

Mama Zondi akaomba ngazi.

Wiki hiyo hiyo mkandarasi alifukuzwa, na timu nzima ikarudi mtaani. Ufunguzi ulisogezwa miezi mitano. Akimana alirudi kusuka nywele. Gilbert alipata kazi ya ulinzi kwenye fleti, na Marie akajifungua binti yao peke yake, mumewe yuko zamu. Wenzao tisa walipomwona Akimana kwenye stendi ya taxi, walivuka barabara.

Mkandarasi mpya alihitaji watu wanaojua nyaya za zamani zinapita wapi, akawaita wawili tu, Akimana na Gilbert. Hao tisa hawakuitwa. Akimana aliwaombea mara mbili, akaambiwa timu imejaa.

Masomo yalianza dari la ukumbi wa mwisho likiwa bado wazi. Msichana mmoja alisimama chini ya ngazi, akauliza darasa la nne liko wapi.

"Kushoto, mlango wa pili," Akimana alimjibu, akanyoosha mkono Gilbert ampe waya mwingine.

Marie, mpaka leo, hamsalimu Akimana kanisani.